Likizo ya Kizungu na Mafundo Matatu

Kama Jumapili iliyopita gazeti lako lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, usihangaike. Nitakusimulia upesi upumbavu wangu ulifikia wapi.

Mimi ni Specioza wa Kawajense, Mpanda mjini. Mwaka huo wa tisini na tatu mume wangu Aloyce alikuwa dereva wa shirika moja la wazungu waliokuwa wanachimba visima huku kwetu. Bosi wake alikuwa na mke mjamzito, na huyo mke, badala ya kutulia nyumbani atunzwe, akapelekwa kisiwani kupumzika. Akarudi ananawiri. Aloyce akanitazama mimi, tumbo langu la miezi saba, nimekaa kwenye kigoda nachambua mchele, akasema, "Na sisi tutakwenda likizo."

Sikuuliza kisiwa gani. Nilizunguka Kawajense nzima nikitangaza kwamba naenda kisiwani, na kila aliyesikia alijua ni Unguja, na mimi sikumsahihisha mtu. Jirani yangu Zuhra, ambaye mumewe ana duka la nguo sokoni, nilimwahidi kanga mpya kabisa. Akanikumbatia. "Shoga, wewe umeula!" akasema. Nikajibu kwa madaha kwamba ndiyo maisha.

Siku ya safari, badala ya kwenda stesheni, tukapanda lori la Karema lililokuwa linafuata dagaa. Niliyoyapata juu ya yale magunia nilishawaeleza, siyarudii, makalio yangu hayajasahau. Kutoka Karema tukaingia kwenye boti ya Libérat, mvuvi rafiki yake Aloyce, tukavuka mpaka kisiwa cha Lumesa, humo humo ndani ya Ziwa Tanganyika. Nikashuka, nikanyoosha gauni, nikauliza kwa sauti ya mama mwenye hadhi yake, "Hoteli iko wapi?"

Hapo ndipo tulipoachana. Aloyce akanyoosha kidole.

Kidole kilielekea kwenye nyumba ya udongo, paa la nyasi, mlango wa bati. Uwanja mzima mbele yake ulikuwa umeanikwa dagaa, na bata mmoja alikuwa anajichagulia.

"Ni ya Libérat," Aloyce akasema. "Katuachia chumba. Yeye atalala kwenye boti."

"Aloyce."

"Naam."

"Hii ndiyo hoteli?"

Akakohoa kidogo. "Ina mandhari," akasema.

Nikageuka nimtazame Libérat ili anisaidie kushangaa, lakini Libérat alikuwa ameshabeba sanduku langu kichwani, anamfukuza bata apishe njia. Nikaingia. Ningefanya nini? Kuogelea kurudi Karema?

Sasa niwaeleze habari ya uzi, maana bila uzi mtadhani machozi niliyolia kisiwani niliyalia kwa sababu ya hoteli.

Nilikuwa nimeshapoteza mimba mbili. Ya kwanza haikufika mbali. Ya pili ilifika miezi mitano, na mtoto yule nilimwona, alikuwa wa kiume. Hii ya tatu ilipojulikana, mama mkwe wangu, Mama Aloyce, aliteremka kutoka milimani Mwese kwa miguu, akabahatisha lori njiani, akafika kwangu Aloyce akiwa safarini, vumbi limempanda mpaka kwenye nyusi. Hakuomba hata maji. Alinifungia chumbani, akanizungushia kiunoni uzi mweusi uliopakwa dawa, akapiga mafundo matatu huku ananong'ona kwa Kibende, lugha ya kwao.

Kwenye ukoo wao ndivyo anavyofanyiwa mwanamke ambaye mimba hazikai. Mimba inafungwa. Ikitimia, aliyefunga anakuja kufungua kwa mkono wake, uzi ukiwa kiunoni. Kuvua si kufungua. Kukata si kufungua. Uzi ukipotea kabla ya wakati, mtoto anaweza kuponyoka kama wenzake. Na uchungu ukikukuta bado umefungwa, mtoto hana pa kutokea.

"Na mwanaume asijue," mama mkwe akaniambia. "Hata kama ni mwanangu mimi. Akijua tu, mafundo yanalegea."

Mimi nimemaliza darasa la saba. Nilikuwa wa pili kwenye mtihani, shule nzima, kule kwetu Namanyere. Kliniki nahudhuria, vidonge vya damu nameza. Nilijiambia kwamba nimekubali tu ili mzee wa watu aridhike. Lakini tangu siku ile sikuoga bila kuushika ule uzi, na sikulala bila kuushika. Mwezi wa tatu ukafika, ukapita. Wa tano ukafika, nikalia kila jioni, ukapita. Haya niambie wewe unayecheka, ungeuvua?

Aloyce aliuona akadhani ni uzi wa shanga zilizokatika. Wanaume wengine Mungu kawapa macho ya kuendeshea gari tu.

Basi, siku ya pili pale kisiwani Aloyce akaamka na ratiba.

"Leo utaelea," akasema.

"Nitaelea wapi?"

"Ziwani. Mama Mzungu kila asubuhi alikuwa analala chali juu ya maji, tumbo juu. Alisema uzito wote unaondoka."

"Aloyce, mimi ni Mfipa. Kwetu maji ni ya kuchota."

"Nitakushika. Siwezi kukuachia."

Nilibisha kidogo, lakini ukweli ni kwamba nilitaka. Kama nimekosa Unguja, angalau nipate kitu cha kumsimulia Zuhra. Nikajifunga kanga mbili, nikateremka ziwani nimemshika Aloyce mkono. Wanawake wa kisiwa waliokuwa wanageuza dagaa waliacha kazi wakasimama kutazama. Mmoja akauliza kwa sauti kama mgonjwa anapelekwa kubatizwa.

Nikalala chali mikononi mwa Aloyce. Na hapa siwatanii, nilifurahi. Tumbo lililonilemea miezi yote ile likawa jepesi, mgongo ukaacha kuuma, mtoto akajigeuza taratibu huko ndani kama anayetafuta upande wa kulalia. Aloyce alikuwa ananitazama usoni vile alivyokuwa ananitazama zamani kabla hatujaanza kuzika. Nikasema kimoyomoyo, kumbe hawa wazungu wana akili.

Nikatoka majini. Nikajifuta. Nikapeleka mkono kiunoni kwa mazoea.

Uzi haupo.

Mama wee! Nilipapasa mbele, nikapapasa nyuma, nikapapasa mpaka kwenye goti. Nikakung'uta kanga ya kwanza, nikakung'uta ya pili. Hakuna kitu. Uzi uliokaa miezi kiunoni, uliovumilia lori la Karema, umekwenda na maji kwa sababu nilitaka kujifanya mzungu.

"Aloyce," nikasema, "nataka kuelea tena."

Alifurahi mpaka akapiga makofi. "Umeona! Si nilikwambia!"

Nikarudi ziwani, lakini safari hii sikuelea. Niliinama, tumbo linachota maji, mikono inapapasa mchanga na mawe, natafuta uzi mweusi kwenye ziwa ambalo wenyeji wanasema halina mwisho kwenda chini. Kila nilichoshika kilikuwa jani. Visamaki vikaja kunidonoa vidole. Aloyce yuko ufukweni ananitia moyo, "Lala chali, mke wangu, usiogope!"

"Dada," mmoja wa wale wanawake akaniita, "umepoteza nini?"

Ningemwambia nini mbele ya Aloyce? "Hereni," nikasema.

Laiti ningejua wema wa watu wa kisiwa kile! Waliacha dagaa zao na yule bata, wakapandisha kanga magotini, wakaingia majini wote. Hata bibi mmoja anayetembelea fimbo aliingia na fimbo yake. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba masikioni nina hereni zote mbili. Nikageukia upande wa ziwa, nikachomoa moja, nikaitia mdomoni.

Tukatafuta. Mimi natafuta uzi, wao wanatafuta hereni iliyoko chini ya ulimi wangu.

"Nimeiona!" yule mwanamke akapiga kelele.

Akainua mkono. Na kweli, msomaji wangu, alikuwa ameshika hereni. Ya nani, ya mwaka gani, Mungu ndiye anajua. Imeota kutu, umbo la samaki.

"Ni yenyewe?"

"Mm," nikasema. Mdomo ulikuwa na kazi.

Vigelegele vikapigwa. Bibi wa fimbo akacheza humo humo majini. Halafu yule aliyeipata akanitazama sikio la pili, akainamisha kichwa. "Mbona hii haifanani na hiyo nyingine?"

Nikaisukuma ile hereni mpaka kwenye shavu. "Ndio mtindo wa Mpanda mjini," nikasema. Wakaitikia kwa heshima, na mmoja akaanza palepale kuvua hereni yake moja. Msako ukaishia hapo, maana kilichopotea kimeshapatikana. Ningeendelea kutafuta nini?

Siku ile sikula. Aloyce aliniletea samaki, mgebuka wa kuchoma, nikasema nimeshiba hewa ya ziwa. Kila nikigeuka nahisi mtoto anateleza. Nilijua nikimwambia Aloyce atacheka, yeye ndiye bingwa wa kucheka hirizi za watu, na nikinyamaza nitakuwa peke yangu na tumbo lisilo na mlango. Nikaona heri nitengeneze mlango mwenyewe.

Asubuhi yake nikamkuta Libérat amekaa kwenye kivuli cha boti yake anashona nyavu.

"Shemeji, nikatie uzi kidogo."

"Wa kushonea?"

"Ndiyo."

"Huu nailoni, shemeji, haushonei nguo. Huu unamzuia sangala."

"Huo huo ndio ninaoutaka," nikasema.

Nikaenda nyuma ya nyumba. Fundo la kwanza ndilo lililounga ncha mbili, nikalikaza. Maneno ya mama mkwe sikuyajua, Kibende changu ni cha kusalimia tu, kwa hiyo nikasalimia. Nikauamkia uzi, nikauuliza habari za nyumbani. Fundo la pili nikasali Salamu Maria. La tatu nailoni ikawa inateleza, nikaliuma kwa meno nikavuta mpaka ufizi ukatoa damu, na hapo sikusali wala kusalimia. Nilisema tu, "Wewe hutoki. Wewe utakaa." Kisha nikaupandisha uzi kutoka miguuni mpaka chini ya tumbo, nikajifunga kanga, nikatoka nimetulia kama mtu aliyetoka kuungama.

Nikala. Nikala migebuka ya jana na ya siku ile.

Kesho yake saa za mchana tumbo likakaza. Likaachia. Nikasema ni mgebuka. Likakaza tena, likashuka mgongoni, nikashika mlango wa bati mpaka ukalia. Aloyce akataka kujua kama ratiba ya kuelea ipo. Nilimjibu neno ambalo mhariri hataliruhusu.

Wanawake wakamwita Josephina. Huyu ndiye mkunga wa kisiwa, mama mnene wa makamo, watoto wote wa pale wamepita mikononi mwake. Aliwatoa watu wote chumbani, akanilaza kwenye mkeka.

"Uchungu umeanza lini, mwanangu?"

"Labda si uchungu, mama. Labda ni samaki."

"Samaki hakazi tumbo hivi." Akafunua kanga, akaona ule uzi. Mikono yake ikarudi nyuma yenyewe. "Nani kakufunga?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na nafasi yenyewe ilikuwa kubwa, ingetosha lori kugeuza.

"Mama mkwe," nikasema.

"Kwa uzi wa nyavu?"

"Kule Mwese nyuzi zimeadimika sana."

Josephina akasimama, akajipangusa mikono. "Basi mimi siugusi. Aliyefunga ndiye afungue. Nikitia mkono wangu hapo, mtoto akafa, nitawaambia nini watu wenu?" Akafungua mlango. "Baba, njoo hapa. Mkeo kafungwa. Nenda kamlete mama yako."

Nikasikia sauti ya Aloyce, ndogo, sijawahi kuisikia. "Kafungwa? Mama kamfunga?"

Halafu nikasikia miguu inakimbia. "Libérat! Libérat! Washa mashine!"

Nikapiga hesabu pale mkekani. Boti mpaka Karema. Karema asubiri lori, na lori huja likipenda. Afike Mpanda, apande milima ya Mwese, amkute mama shambani, wateremke wote wawili, warudi njia ile ile. Na mama mkwe akishafika hapa, atafungua nini? Ataona nailoni, ataniuliza uzi wake uko wapi, na mimi nitakuwa nimeshakufa kwa uchungu au kwa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu niliiogopa, lakini kumwona Aloyce anaondoka niliogopa zaidi.

Nikatoka nje nimeshika tumbo kwa mikono miwili.

"Aloyce, rudi! Mama hajafunga huu! Nimejifunga mwenyewe!"

Aloyce alikuwa ameshaingia majini mpaka mapajani, mkono mmoja uko kwenye boti. Kisiwa chote kikageuka kunitazama. Basi nikamwaga yote. Uzi wa mama. Uzi kupotea alipokuwa ananielesha. Nailoni ya Libérat. Na kwa kuwa nilishaanza, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikasema na hereni.

"Hata hereni?" akauliza yule mwanamke aliyeiokota.

"Hata hereni."

"Na ule mtindo wa Mpanda?"

"Hakuna mtindo, dada. Nisameheni."

Alishika mdomo. Mabega yakaanza kumcheza, na wenzake wakamfuata, bibi wa fimbo akakaa chini kwenye mchanga anacheka machozi. Nilicheka na mimi, ingawa tumbo lilikuwa linanikata. Aliyekuwa hacheki ni Aloyce. Alitoka majini taratibu, suruali inachuruzika, akaja akasimama mbele yangu.

"Unamjua dada yangu Mariana?" akaniuliza.

"Yule aliyekufa kabla sijaolewa. Kwa malaria."

"Si malaria. Mama alimfunga. Mama akaenda kwenye msiba wa mbali, uchungu ukamkuta Mariana nyuma. Hakuna aliyethubutu kugusa. Mama alipofika, walikuwa wameshamfunika, na mtoto yuko tumboni." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nyumbani hatulisemi. Nilikuleta huku, Spe, ili mama asikufikie. Nilijua siku zikikaribia atakuja na uzi wake, uzi ambao sisi wanaume hatuonyeshwi. Nikasema nikupeleke mahali ambapo hakuna wa kukufunga."

Kumbe likizo yote ilikuwa hiyo! Mimi niliyejidai mjanja wa Kawajense, niliyedhani mume wangu anaiga wazungu, kumbe ananificha. Na mimi nilikuwa nimeshafungwa tangu mwanzo, halafu nikajifunga tena kwa mkono wangu, kwa uzi wa kuzuia sangala. Nilimshika shati, na tumbo likakaza, tukalisubiri wote wawili liachie.

Josephina akaturudisha ndani, safari hii na Aloyce. Mwanaume kuingia pale si kawaida, lakini hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumtoa.

"Kama ni wewe uliyefunga," Josephina akaniambia, "basi ni wewe wa kufungua. Lakini nisikilize vizuri. Mimba hii bado changa. Maumivu kama haya mara nyingine hupita, mama akalala, mtoto akakaa mpaka miezi yake itimie. Ukifungua, umempa ruhusa ya kuja leo. Usipofungua, na uchungu ukawa wa kweli, ndiyo hayo ya wifi yako."

"Sasa wewe mkunga unaonaje?"

"Mimi sijui, mwanangu. Ningejua ningekwambia."

"Fungua," Aloyce akasema. Kisha akasema, "Hapana, usifungue." Kisha akasema, "Fungua moja." Josephina akamwambia akitaka kubaki mle ndani afunge mdomo.

Nililala pale naangalia nyasi za paa. Mimba zote mbili za kwanza hakuna aliyeniuliza. Niliamka tu nikakuta damu. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza mimi, na mimi ni yule yule aliyemdanganya Zuhra kanga na kuficha hereni mdomoni. Nilipeleka mkono chini ya tumbo nikayagusa mafundo, moja, la pili, la tatu. Mtoto alikuwa anapiga teke dogo palepale karibu na kidole. Nilimtaka. Nilimtaka mzima, miezi yake yote, mashavu yake yote.

"Abaki," nikasema. "Sifungui."

Josephina akakubali kwa kichwa. Akanilaza ubavu wa kushoto, akaniwekea kitambaa cha maji mgongoni, akasema nisiinuke hata bata akiingia na msalaba. Na maumivu yakaanza kupoa, jamani. Yakaja kwa mbali, yakaja kwa mbali zaidi, yakanyamaza. Aloyce akatoka nje, nikamsikia anamwambia Libérat, "Katulia! Katulia!" Libérat akapiga mluzi. Mimi nikafunga macho, nikamwambia yule mtoto ahsante, nikamwambia yeye ni mtoto mwenye adabu, hakumfuata mama yake.

Usingizi ulikuwa unanichukua mlango uliposukumwa. Aloyce akaingia ameshika sinia kwa mikono miwili. Juu ya sinia kuna kikombe cha uji, na kando ya kikombe ameweka ua. Lile ua lilikuwa la boga.

"Mama Mzungu alikuwa analetewa kitandani," akasema. "Nimepika mwenyewe."

Nikainuka kidogo, nikaonja. Uji ulikuwa umepikiwa kwenye sufuria ya dagaa. Kuna dagaa mmoja alikuwa amebaki, ananitazama kutoka kwenye kikombe.

"Vipi?" Aloyce akauliza.

Nilijaribu kusema mzuri. Nilijaribu kabisa. Lakini nilimwona amesimama pale na suruali yake mbichi na ua la boga, na likizo yetu yote ikanijia kwa mkupuo, lori, hoteli, bata, mtindo wa Mpanda mjini, na kicheko kikanishika. Nilicheka mpaka uji ukamwagika. Aloyce akaanza na yeye. Josephina akatukemea, akashindwa, akageukia ukutani mabega yanamcheza.

Ndipo nikasikia kitu kimeachia ndani, hakikuuma hata kidogo, na mkeka ukaloa.

"Ni uji," nikasema.

Josephina alishapiga magoti. Alinusa kanga. Uso wake haukuwa na kicheko tena. "Chupa imepasuka," akasema. "Anakuja, mwanangu, atake asitake. Fungua upesi."

Nikapeleka mikono kwenye mafundo. Yote matatu yalikuwa yamekaza vizuri tu, hakuna hata moja lililolegea. Uchungu ukaja mara moja, wa kweli, ule ambao haufanani na samaki. Ulipoachia nikachokonoa fundo la pili, lile la Salamu Maria, ukucha ukavunjika, likakubali. Uchungu ukaja. Ulipoachia nikapambana na la kwanza, lile la salamu za Kibende, vidole vinateleza kwa jasho, nikamwita Mama Maria, nikamwita mama yangu, likalegea, likaachia, ncha zikabaki mkononi mwangu.

Likabaki moja, limejikaza kwenye uzi. La tatu. Lile nililolikaza kwa meno.

Vidole havikuliweza. Aloyce akachomoa kisu cha samaki ukutani, Josephina akamdaka mkono. "Kukata si kufungua! Wala kuvua!"

"Atakufa!" Aloyce akasema. "Mama Josephina, atakufa kama Mariana!"

Nikajaribu kuinama ili niliume. Jaribu wewe, mwenye tumbo la miezi saba, kuuma kiuno chako mwenyewe. Meno yangu yako kinywani, fundo liko kiunoni, na katikati kuna mtoto.

"Aloyce," nikasema, "weka kisu chini. Njoo uume."

"Aliyefunga ndiye..." Josephina akaanza.

"Nililifunga kwa meno yangu, na yangu hayafiki. Ya huyu yamekula sahani moja na mimi miaka sita. Yatatosha!"

Josephina akanitazama, akamtazama Aloyce, akatazama kule chini ambako mimi sikuweza kuona. Alichokiona hakukisema. "Upesi basi," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Aloyce akapiga magoti kwenye ule mkeka uliolowa. Nikahisi ndevu zake ubavuni, nikahisi pumzi yake ya moto, nikasikia nailoni inalia kwenye meno. Alikuwa analia bila kuachia fundo. Nikamshika kichwa. Uchungu ukaja, na huu haukuwa na mwisho kama wenzake.

"Usisukume!" Josephina akapiga kelele. "Mwanangu, usisukume bado! Baba, limefunguka?"

"Bado," Aloyce akasema, mdomo umejaa uzi. "Bado!"

Lakini mimi nilikuwa sisukumi. Alikuwa ni mtoto mwenyewe, anajitafutia pa kutokea.